Kutoka Ziwani hadi Mlima wa Mungu: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Tangu nirudi kutoka safari yangu ya miguu kule Ngorongoro, duka langu la nyavu hapa Mwanza limegeuka kijiwe. Mtu anakuja kununua kamba, anaondoka baada ya saa nzima bila kamba, kaulizia punda tu. Kwa hiyo nimeandika majibu yote sehemu moja: anayetaka safari asome, anayetaka kamba anunue kamba. Tulikuwa wanne, wote wakazi wa Mwanza, na hakuna mwanariadha kati yetu. Mimi nina miaka 46 na goti moja lenye maneno mengi.

Mlikwenda wapi hasa?

Tulitembea siku nne kwenye nyanda za juu za Ngorongoro. Tulianzia Nainokanoka, tukapita kreta ya Olmoti, bonde la Bulati, kreta ya Empakaai na kijiji cha Nayobi, halafu tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ngare Sero, jirani na Ziwa Natron. Siku ya tano tulilala tu, kama wagonjwa. Usiku wake tukaanza kupanda Ol Doinyo Lengai, jina ambalo kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu.

Mtu akikwambia "nilikwenda Ngorongoro", mara nyingi maana yake aliteremka kreta kubwa kwa gari, akaona simba, akarudi Karatu kula. Huku kwingine gari hulioni siku nzima. Unaona ng'ombe, punda, watoto wachungaji wenye fimbo ndefu kuliko wao, na misitu yenye miti iliyoota ndevu za kijani.

Kwa nini si Kilimanjaro?

Bei, kwanza. Pili, Kilimanjaro unapanda kwenda kileleni. Huku unapita katikati ya maisha ya watu. Nilitaka hilo la pili, ingawa nilipolipata sikujua nilifanyie nini. Nitalieleza mbele.

Kutoka Mwanza mnafikaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupita Lamadi na kukatiza Serengeti. Ni fupi kwenye ramani, ila utalipia kiingilio cha hifadhi, na barabara ni ya vumbi. Ya pili ni lami tupu: Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Babati. Sisi tulichukua ya pili, basi la alfajiri kutoka stendi ya Nyegezi.

Usifike Arusha kama huna shughuli Arusha. Shuka Makuyuni, pale njia panda, upande gari la Karatu. Sisi hakuna aliyetuambia, tukaenda hadi Arusha, tukalala, kesho yake tukarudi njia ile ile. Kurudi nyumbani ni rahisi zaidi: kutoka Ngare Sero unapita Engaruka, unatokea Mto wa Mbu, na Makuyuni ni hapo mbele.

Mwanza hakuna mlima. Mlifanyia wapi mazoezi?

Nani kasema hakuna? Panda Mabatini kwa miguu hadi nyumba za juu kabisa, zile zilizokaa kwenye mawe kama kunguru, huku umebeba dumu la maji la lita 10. Akina mama wa kule hufanya hivyo kila siku bila kuita mazoezi. Tulikuwa tunapanda Mabatini Jumamosi, Igogo Jumapili, miezi mitatu mfululizo. Siku ya kwanza binti wa kama miaka tisa alinipita na ndoo kichwani, akaniamkia "shikamoo" bila hata kuhema. Nilikosa pumzi ya kumjibu marahaba.

Kitu ambacho mawe ya Mwanza hayakufundishi ni kuteremka kwa muda mrefu. Kushuka kutoka nyanda za juu kwenda Ngare Sero kuliniumiza kuliko kupanda kokote. Ngare Sero ipo chini kuliko hapa kwetu: Ziwa Victoria lina mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Natron kama mita 600. Kwa hiyo ulianza safari ukiwa juu ya mita 2,500, umevaa sweta mbili, na unaimaliza kwenye joto la kukaangia yai. Magoti ndiyo yanayolipa nauli ya safari hiyo.

Viatu gani?

Vyovyote vile, ila visiwe vipya. Nilinunua buti nzuri za mtumba pale Mlango Mmoja, nikazihifadhi zisichakae, nikazivaa siku ya safari. Kucha mbili za vidole gumba ziligeuka nyeusi siku ya nne na kudondoka wiki ya tatu. Vijana wa Kimasai waliotuongoza walivaa katambuga za tairi safari nzima, hadi kileleni, na hakuna aliyelalamika. Usiige. Wao wamezaliwa nazo.

Baridi ikoje?

Chukua baridi yoyote unayoijua ya Mwanza mwezi wa saba, halafu usahau, maana si hiyo. Bulati usiku maji ya kwenye kikombe yalifanya utando wa barafu. Beba begi la kulalia zito, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio. Kuna mwinuko vilevile: sehemu nyingi za njia zipo kati ya mita 2,500 na 3,000 na ushee. Mimi kichwa kiliniuma siku ya kwanza tu. Kunywa maji, tembea taratibu, usione aibu kuwa wa mwisho.

Twende msimu gani?

Juni hadi Oktoba, kiangazi. Mvua ikinyesha, njia za kule zinakuwa utelezi, na mteremko wa Lengai sipendi hata kuufikiria ukiwa umelowa.

Ongeza hesabu ya mwezi. Sisi watu wa ziwa tunaijua kwa sababu ya dagaa: giza ndiyo kazi, mbalamwezi ndiyo mapumziko, mitumbwi inalala na duka langu linalala nayo. Lengai ni kinyume chake. Inapandwa usiku, na mwezi mpevu ni taa ya bure. Ndiyo maana niliweza kufunga duka bila hasara kubwa. Wateja wangu wote walikuwa mwaloni wanacheza bao.

Gharama, vibali, askari?

Bei zinabadilika, sitaandika hapa halafu mje kunidai. Ninachoweza kusema: beba kitambulisho cha NIDA, maana Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro hutembei bila askari mwenye bunduki, na si mapambo: nyati wapo, na msituni Empakaai tulikuta kinyesi chao bado kinatoa mvuke. Huko chini, njia ya Ngare Sero ina vizuizi vya ushuru, kwa hiyo weka noti ndogo ndogo na udai risiti.

Kampuni ya kukuongoza chagua yenye leseni, na uliza swali moja kabla ya kulipa: "Usiku wa Lengai mtatupa waongozaji wangapi?" Wakisema mmoja kwa watu wanne, kataa. Sababu utaiona chini.

Mizigo inabebwa na nani?

Punda. Na hapa ndipo nilipopata somo langu la kwanza, na bado naona aibu.

Mimi nauza kamba. Nimefunga mafundo tangu nikiwa msichana dukani kwa marehemu baba, na najua fundo la wavuvi ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Asubuhi ya kwanza pale Nainokanoka, nikamwona kijana wa Kimasai anafunga mahema yetu juu ya punda kwa kamba ya ngozi, fundo legelege, mzigo unacheza. Nikamwondoa. Kweli, nilimsogeza kwa mkono, nikasema, "Mwanangu, ngoja nikuonyeshe." Nikafunga kwa kamba yangu ya nailoni, nikakaza kwa goti, nikajipongeza.

Hatukufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza punda alisimama. Hakupiga teke, hakulia, alisimama tu akiangalia mbele, pua zimetanuka. Tukamvuta, hakwenda. Kijana akapiga magoti ubavuni mwake, akajaribu kufungua fundo langu, likagoma. Fundo la wavuvi likishalowa jasho halifunguki. Akachomoa sime, akakata. Kamba ilipokatika, tumbo la punda lilitoka nje kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya harusi, na chini ya kamba nikaona mstari wa manyoya yaliyolala na ngozi nyekundu.

"Mama," yule kijana akasema, polepole, bila hasira yoyote, "punda anapumua."

Akarudishia kamba yake ya ngozi, fundo lile lile legelege. Nikamwangalia vizuri safari hii. Fundo lile linashika mzigo punda akitoa pumzi na linalegea akivuta pumzi. Si legelege hata kidogo; limepimwa kwa mnyama anayepanda mlima. Wavu hauna mapafu. Nilikuwa na utaalamu wa miaka 30 na nikautumia mahali ambapo haukuwa na kazi, na nikamwita mwenye utaalamu "mwanangu" kwa sauti ile mnayoijua.

Chakula je?

Ugali, wali, maharage, chai nyingi. Sisi tuliongeza matobolwa, na naapa hakuna biskuti ya dukani inayoyashinda: viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, havioti ukungu, unatafuna njia nzima kama bazoka. Bibi zetu wa Kisukuma walikuwa na chakula cha safari kabla ya supamaketi.

Kosa lilikuwa dagaa. Nilibeba kilo mbili za soko la Kirumba Mwaloni, nikazikaanga kwa vitunguu jioni ya pili. Mmoja wa vijana akajifunika pua kwa shuka, akahamia upande upepo unakotokea. Kimila Wamasai si watu wa samaki, nilijua, ila nilidhani dagaa hawahesabiki. Akauliza hawa ni watoto wa nini. Nikamwambia si watoto, ni watu wazima, ndivyo walivyo. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyetapeliwa sokoni.

Kesho yake tulipewa maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, kama wanavyofanya, yenye harufu kali ya moshi. Nikanywa mafunda mawili, la tatu likagoma kushuka. Kijana yule yule alikuwa ananitazama. Tukacheka wote wawili, na dagaa zikasamehewa.

Nisalimie vipi?

Mwanaume unamwambia "Supai", anajibu "Ipa". Mwanamke unamwambia "Takwenya", anajibu "Iko". Mtoto atakuinamishia kichwa. Mguse utosini kwa kiganja, usimpe mkono. Hapo ndipo wengi wanaishia, na ndipo nilipoishia mimi.

Karibu na Bulati tulipita kwenye boma moja. Bibi mmoja alikuwa amekaa nje anashona shanga. Nikasema "Takwenya", akajibu "Iko", na papo hapo nikauliza ule mkufu bei gani. Bibi akaendelea kushona. Nikarudia kwa sauti, labda hasikii vizuri. Kimya. Mwongozaji wetu akanisogelea: "Anasikia. Anasubiri umalize kusalimia."

Kumbe bado. Akaanza yeye, kwa Kimasai, nami nikawa nasikiliza tafsiri vipande vipande: watoto wenu wazima? Ng'ombe? Mvua huko kwenu? Mmelala wapi? Na waliobaki nyumbani? Bibi anajibu, naye anauliza ya kwetu. Nilitazama saa mara mbili. Zilipita kama dakika kumi kabla ya mkufu kutajwa.

Jambo lililonikaa kooni usiku ule ni kwamba nilishaiona salamu hiyo. Nikiwa mdogo, kijijini kwa bibi, huwezi kusema "Mwangaluka" ukapita. Unapiga magoti, unaulizwa wewe ni wa nani, mji gani, mama hajambo, mahindi yamefikia wapi. Tuliona ni usumbufu, hasa sisi tuliosoma. Sasa mimi, ng'wana wa Kisukuma, nimelipa fedha, nimepanda basi siku nzima, nikapanda na milima, kwenda kushangaa kwa watu kitu nilichokuwa nacho nikakitupa mwenyewe mahali fulani kati ya Magu na Makoroboi.

Lengai ni ngumu kiasi gani?

Ni ngumu. Kilele kina karibu mita 2,960, kidogo ukilinganisha na Kilimanjaro, lakini hakuna kuzungukazunguka: unapanda wima, kwenye majivu na mawe yanayoteleza, zaidi ya mita 1,500 za kwenda juu kwa usiku mmoja. Tulianza saa tano usiku ili jua lisitukute njiani, maana hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna maji. Kila mtu abebe lita tatu au nne. Vaa glavu hata kama hakuna baridi. Utatumia mikono, na mawe yale yanachana.

Ukikanyaga hatua mbili, moja inarudi. Juu zaidi njia inaingia kwenye mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua, upana wa mtu mmoja, unapanda kama ngazi isiyo na vidato. Harufu ya kiberiti inakuja na kuondoka. Taa ya kichwani inaonyesha mita mbili tu mbele, na nashukuru.

Mwenzetu mmoja, mwalimu, mwenye nguvu kuliko sisi wote, alisimama tukiwa tumeshapita nusu. Aligeuka kuangalia nyuma, mbalamwezi ikamwonyesha tulikotoka, na miguu ikakataa. Si uchovu, ni kimo. Kwa bahati tulikuwa na waongozaji wawili. Mmoja akashuka naye taratibu, wakitambaa kwa makalio. Kama angekuwa mmoja, ama sote tungeshuka, ama mwalimu angeachwa peke yake gizani hadi asubuhi. Alitusubiri chini na chai, na hadi leo ndiye anayesimulia safari hii vizuri kuliko sisi tuliofika.

Tulifika juu saa kumi na mbili kasoro. Ukingo wa kreta ni mwembamba, usiukaribie bila kuambiwa. Niliangalia jua likitoka, nikala matobolwa mawili, nikaanza kuogopa kuteremka.

Ni kweli mlima unatema magadi?

Karibu na kweli. Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, isiyo na mawe ya kawaida bali chumvi chumvi za jamii ya magadi. Ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya lava nyingine, inatiririka nyeusi kama oili chafu ya injini, halafu ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ndiyo maana ukiwa mbali unadhani kilele kina theluji. Maji yanayotiririka kwenye nchi hiyo ni sehemu ya yale yanayolisha Ziwa Natron, na ndege aina ya heroe wanazaliana huko kwa wingi kwa sababu maadui wengi hawawezi kuvuka yale magadi. Ukitia magadi kwenye mlenda wako, wakumbuke.

Na bado uko hai kweli. Mwaka 2007 matetemeko ya eneo lile yalisikika hadi Nairobi, na Septemba mlima ukalipuka. Ulirusha majivu hadi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo ulilipuka hivyo 1966. Uliza hali yake kabla ya kwenda. Mlima ukikohoa, ahirisha.

Wamasai hawachukii watu kupanda mlima wao mtakatifu?

Nilimwuliza mzee mmoja Ngare Sero. Kwao Enkai, Mungu, ana makao pale; watu huenda chini ya mlima kuomba mvua, na wanawake kuomba watoto. Mzee hakusema anachukia. Alisema, "Ninyi mnapanda kuangalia. Sisi tunaangalia bila kupanda." Sikujua kama ni utani. Nilimpa shikamoo, nikaaga.

Wamasai wako pale tangu enzi na enzi, sivyo?

Hapana, na hapa watu wengi hukosea, mimi nikiwemo. Wamasai waliwakuta Wataturu kule Ngorongoro na kuwasukuma nje katika karne ya 19. Wataturu hawa hawa tunaowajua Meatu na Bunda, majirani zetu ambao wazee wetu walikuwa wakipigana nao kwa ajili ya ng'ombe. Mimi nilikua nikisikia Mtaturu ni mtu wa porini aliyetoka kusikojulikana. Kumbe alikotoka anakujua.

Ukirudi, simama Engaruka. Kuna mabaki ya vijiji na mashamba yaliyopangwa kwa mawe matupu bila udongo wa kushikia, mifereji ya kumwagilia iliyochukua maji ya vijito vya ukingo wa bonde, ekari kwa maelfu. Watu wake walilima pale kuanzia karne ya 15 hivi, wakaondoka katika karne ya 18. Walikokwenda bado ni mjadala. Nilivyokuwa natembea kwenye matuta yale niliwakumbuka Wakara wa kisiwa cha Ukara, huku ziwani kwetu, wanavyobana samadi na kila hatua ya ardhi. Mkulima mwenye eneo dogo anafanana popote.

Halafu kuna nyayo. Karibu na Ngare Sero zipo nyayo zaidi ya 400 za watu kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, za miaka kati ya 5,000 na 19,000 iliyopita. Mwanakijiji ndiye aliyeziona, watafiti wakaja baadaye. Wanasema kundi moja lilikuwa la watu 17 waliotembea pamoja, na wengi wao walikuwa wanawake, pengine wakitafuta chakula. Nilichuchumaa kando ya wayo mmoja bila kuugusa. Kidole gumba kimezama zaidi ya vingine, kama mtu aliyebeba kitu kizito au anayeharakisha. Kwa kukadiria kwa macho, saizi yangu kabisa, namba 40.

Naruhusiwa kupiga picha?

Omba. Ukikataliwa, rudisha simu mfukoni. Ukiambiwa kuna malipo, elewaneni kabla, si baada.

Niwaulize habari za Msomera?

Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, Handeni. Kila boma utakalopita lina ndugu, jirani au rafiki aliyekwenda, au linajadili kwenda. Si umbea wa njiani. Mtu akitaka kukueleza, kaa, sikiliza hadi mwisho. Asipotaka, ongea habari za ng'ombe.

Kwa mwanamke ni salama?

Salama, nilikuwa mimi na dada mwingine. Choo ni kichaka, na askari anaambiwa kwanza ili ajue umeelekea wapi. Beba khanga mbili: moja ya kujisitiri, moja ya kila kitu kingine. Kama siku zako zitaangukia safarini, beba mfuko wa kurudishia taka. Usifukie, fisi hufukua.

Umebadilika?

Hili huulizwa na wale waliofunga duka mapema. Jibu fupi: kidogo. Kuna mlinzi wa Kimasai kwenye duka la jirani, miaka sita tunaonana kila jioni, na nilikuwa namwita "Masai", basi. Niliporudi nikamwambia "Supai", nikamaliza salamu nzima, nikangoja anisimulie habari za Lengai. Kumbe kwao ni Simanjiro, Lengai hajawahi hata kuiona kwa mbali. Akaniuliza mimi ikoje. Nilikaa naye kwenye ngazi hadi saa tatu usiku namweleza Mmasai habari za mlima wa Wamasai. Siku hizi namjua jina, na najua binti yake anaanza kidato cha kwanza.

Unaweza kuniazima vifaa?

Taa ya kichwani, ndiyo, ukirudisha na betri. Begi la kulalia, ndiyo, ukilifua. Buti, kama unavaa namba 40 na una gundi ya soli ya kulia. Fimbo, hapana. Kamba pia hapana. Kamba zipo dukani, njoo ununue, na fundo la punda nitakufundisha bure.